Begi la zimamoto aliye nje ya zamu: kipi kinastahili nafasi garini

Mikoba ya dharura inayouzwa kwa ajili ya askari wa zimamoto walio nje ya zamu huja kwa sura mbili. Ipo midogo inayojisifu kuwa na vipande mia mbili na zaidi, na ukiifungua unakuta plasta za vidole, vitambaa vya spiriti na pini za kufungia bendeji. Halafu yapo mabegi makubwa ya mgongoni, yamejazwa kana kwamba mwenye nalo amefika na gari la wagonjwa na wenzake watatu. Waliotengeneza aina zote mbili hawakujiuliza swali la kwanza kabisa: mzimamoto asiye kazini anapofika kwenye ajali, anakosa nini?

Ujuzi hakosi. Anakosa mtungi wa hewa, maji, mwenzake wa kuingia naye, na kamanda anayejua yuko wapi. Hakuna begi linaloweza kumrudishia hata kimoja kati ya hivyo. Kinachowezekana ni kazi ya dakika chache za mwanzo: kuonekana na madereva, kuzuia damu, kumtoa mtu kwenye mkanda wa kiti, kuzima moto ambao bado ni mdogo, na kuwapa wanaokuja taarifa iliyonyooka. Kila kifaa hapa chini tumekipima kwa kazi hizo tano. Kisichosaidia hata moja, tumekiacha nje, hata kama ni kizuri kituoni.

Begi lenyewe lisikusumbue sana. Lita 10 hadi 15 zinatosha, rangi kali, zipu inayofunguka pande tatu ili lilale wazi kama kitabu, na mifuko ya ndani unayoweza kuona ndani yake. Kosa la kawaida si la begi bali la mahali lilipo: watu huliweka kwenye buti chini ya mizigo, na gari likigongwa nyuma buti halifunguki. Lifunge nyuma ya kiti au sakafuni nyuma ya dereva, kwa mkanda, lisiruke breki ikikanyagwa ghafla.

Reflekta na pembetatu

Tukilazimika kuchagua kifaa kimoja tu, ni kizibao cha reflekta. Si kifaa cha kujivunia, lakini kinachomuua msaidizi barabarani mara nyingi si moto wala petroli, ni gari la tatu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, na dereva aliyeduwaa akitazama ajali hakanyagi breki kwenye sekunde ya kwanza.

Vizibao vingi vyepesi vinang'aa dukani na kufifia barabarani. Angalia lebo ya ndani: kiwango cha EN ISO 20471 kinagawa mavazi haya katika madaraja matatu. Daraja la 2 linadai angalau mita za mraba 0.50 za kitambaa chenye rangi kali na 0.13 za utepe wa kuakisi. Daraja la 3 linadai 0.80 na 0.20. Daraja la 1 (0.14 na 0.10) ni la uwanja wa maegesho, si la barabara ya mwendo kasi usiku. Chukua la 2 kwa uchache, na ukubwa unaoingia juu ya koti. Lebo hiyo hiyo inataja idadi ya juu ya kufuliwa. Utepe ukishapasuka vipande vidogo kama magamba, kazi yake imekwisha.

Kuhusu maandishi ya ZIMAMOTO mgongoni, tunapingana na wauzaji. Maandishi hayo yanasaidia kutawanya watu, ni kweli. Lakini kikosi kilicho zamu kikifika, kamanda wake anahesabu watu wake, na mtu mwenye maandishi yale asiyekuwa kwenye hesabu anavuruga utaratibu mzima. Mbaya zaidi, watu waliokuzunguka watakutarajia uingie mahali usipopaswa kuingia. Kizibao kitupu kinatosha. Sauti ya mtu anayejua anachofanya hutambulika upesi.

Kizibao kikae mlangoni au chini ya kiti cha dereva, kivaliwe kabla mguu haujagusa lami. Kikiwa ndani ya begi, utakivaa ukiwa tayari umesimama barabarani.

Pembetatu ya tahadhari inayopitishwa na kanuni ya ECE R27 imejaribiwa isiangushwe na upepo. Zile za plastiki tupu huangushwa na upepo wa lori la kwanza. Umbali wa kuiweka unatajwa na sheria ya kila nchi, ila kwenye barabara ya mwendo kasi usipungue mita 100, na penye kona au mgongo wa kilima iwekwe kabla ya kona, si baada yake. Unapokwenda kuiweka, ishike mbele ya kifua, uso wake ukielekea magari yanayokuja, nawe utembee nje ya ukingo wa barabara. Fataki nyekundu za kuwaka moto tumezitoa kabisa: petroli iliyomwagika hutembea na mteremko, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujilaza mifereji­ni. Taa za LED za kuweka chini zinafanya kazi hiyo bila cheche, mradi betri zake zisiwe zimebaki ndani mwaka mzima zikivuja.

Turniketi: hapa ndipo fedha ya begi iende

Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa kabla gari la wagonjwa halijawasha king'ora. Mikoba midogo ya vipande mia mbili haina turniketi (mkanda wa kukaza mguu au mkono ili kuzuia damu), au inayo ya mpira mwembamba ule wa kutolea damu hospitalini, ambao ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Mkanda mwembamba au uliolegea hufunga vena na kuacha ateri wazi: damu inaingia mguuni, hairudi, na jeraha linazidi kumwaga. Mkanda wa suruali nao hushindwa kwa sababu hiyo hiyo, hauna kijiti cha kusokotea.

C-A-T kizazi cha 7 ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Mkanda wake una upana wa sentimita 3.8, kijiti kinene, na kishikizo cha kukizuia kisirudi nyuma. Mtu anaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. SOF-T Wide ni mbadala mzuri: kijiti chake ni cha alumini na bizimu yake hufunguka, hivyo unaizungusha kwenye mguu uliobanwa chini ya dashibodi bila kuupitisha kupitia unyayo. C-A-T nayo unaweza kuichomoa na kuizungusha hivyo hivyo, ila kuirudisha kwenye bizimu kwa glovu zilizolowa damu kunataka mazoezi.

Kuziweka kunataka hatua chache, na kila moja ina mahali pa kukosea. Iwe sentimita 5 hadi 7.5 juu ya jeraha, upande wa moyo, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha kiwiko au goti. Toa simu na funguo mfukoni kwanza, maana kitu kigumu chini ya mkanda huacha pengo. Kisha vuta mkanda wenyewe kwa nguvu zote kabla ya kugusa kijiti. Hili ndilo kosa kubwa, watu hulegeza mkanda wakitegemea kijiti kifanye kazi yote, kinazunguka hadi kinakwama na damu bado inatoka. Ukisharidhika kwamba vidole haviingii chini yake, sokota hadi damu isimame na mpigo wa chini ya jeraha upotee. Funga kijiti, andika saa. Ikiwa damu inaendelea, ongeza ya pili juu ya ile ya kwanza, bega kwa bega. Ndiyo maana begi liwe na mbili. Paja la mtu mnene hula mbili.

Mgonjwa atapiga kelele. Turniketi iliyokaa vizuri inauma sana, na msaidizi anayelegeza kwa huruma anamrudisha mgonjwa mwanzo. Isilegezwe hadi afike kwa wahudumu. Kwa mtoto mchanga mwenye mkono mwembamba mno kwa mkanda huu, tumia gozi (kitambaa chepesi cha jeraha) na vidole.

Bandia zipo tele, na sokoni zinafanana na halisi hadi rangi ya utepe wa saa. Dalili zake: kijiti kinapinda ukikikaza kwa nguvu, velkro inaachia ikilowa, mishono imekwenda upogo. Bei ya chini kupita kiasi nayo ni dalili. Nunua kwa msambazaji anayetambuliwa na mtengenezaji, au usinunue. Ya kufanyia mazoezi iwe tofauti (C-A-T hutengeneza ya bluu kwa kazi hiyo), kwani iliyokazwa mara nyingi huchoka kwenye kijiti na velkro. Ya kazi itolewe kwenye nailoni yake, ikunjwe tayari, na isikae dirishani juani.

Kinena, kwapa na shingo havifungiki turniketi. Kwapa na kinena hujazwa gozi. Ile yenye kaolini (udongo unaosaidia damu kuganda), inayouzwa kwa jina la QuikClot Combat Gauze, ina upana wa sentimita 7.5 na urefu wa takribani mita 3.7, imekunjwa mikunjo ya kwenda na kurudi ili itoke bila kujiviringisha. Isukume kwa kidole hadi chini penye mshipa unaotoa damu, uendelee kujaza bila kuacha nafasi, kisha kandamiza dakika 3 bila kuchungulia. Gozi ya kawaida hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila ikandamize dakika 10. Kwa hiyo, ile ya kaolini ikipita tarehe na huwezi kununua nyingine, begi halijafa. Mafurushi mawili ya gozi safi yanabeba kazi. Shingoni ni kukandamiza moja kwa moja juu ya jeraha, bila kuzungusha bendeji.

Glovu za nitrili ziwe jozi nne. Joto la gari huzifanya zichanike ukizivaa, hivyo zibadilishwe kila msimu wa joto unapopita, hata kama hazijaguswa. Juu yake vaa glovu za kazi zenye alama ya EN 388: herufi inayofuata zile tarakimu nne ndiyo ya ukataji, kuanzia A hadi F. Chagua C au zaidi, kwa sababu ya bati lililochanika na vioo. Miwani ya wazi yenye alama ya F chini ya EN 166 hustahimili kipande chenye mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Miwani ya jua si mbadala wake.

Barakoa ya mfukoni ya kupulizia pumzi inaingia bila ubishi: mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika. Yaliyobaki kwenye mikoba ya mgongoni, kama mirija ya koo, sindano na dawa, tumeyaacha. Nje ya zamu huna daktari anayekusimamia, na sheria nyingi zinazomlinda msaidizi wa hiari hazimfuati anapovuka mafunzo yake.

Vifaa vya kuvunjia kioo na kukatia mkanda

Hapa matangazo yanazidi ukweli. Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilijaribu vifaa sita, vitatu vya springi na vitatu vya nyundo. Vinne tu vilivunja kioo cha pembeni kilichokazwa kwa joto. Hakuna hata kimoja kilichopenya kioo cha tabaka, kile chenye plastiki katikati, na AAA ilikuta gari moja kati ya matatu ya toleo la 2018 lina kioo hicho kwenye milango. Mwenye kifaa bora kabisa anaweza kusimama mbele ya dirisha akibofya bure.

Kwa hiyo kabla ya kubofya, tazama kona ya chini ya kioo. Kuna maandishi yaliyochongwa: Tempered ni kile kinachomwagika vipande vidogo, Laminated ni cha tabaka. Kwenye gari moja milango ya mbele inaweza kuwa ya tabaka na ya nyuma isiwe, basi zunguka. Vikiwa vyote vya tabaka, kinachofaa ni msumeno mfupi wa kioo, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Barakoa ivaliwe na mgonjwa afunikwe.

Kati ya springi na nyundo, tunachagua springi, ya aina ya resqme au inayofanana nayo. Haihitaji nafasi ya kuinua mkono, na ndani ya maji nyundo hupoteza kasi ilhali springi inafanya kazi. Iguse kwenye kona ya kioo, si katikati, kwenye dirisha lililo mbali na mgonjwa. Kasoro yake ni kwamba ni ndogo, inapotea ndani ya begi. Ifungwe kwenye funguo au kwenye kikinga jua cha dereva.

Wembe wa mkanda uliomo ndani ya kifaa hicho hukata vizuri mkanda uliovutwa, na vibaya mkanda uliolegea. Shika mkanda kwa mkono mmoja uuvute, kata kwa mshazari karibu na bega. Gari likiwa limepinduka, usikate kabla ya kuushikilia mwili: mtu anayening'inia kwenye mkanda ataangukia shingo. Mkasi mkubwa wa kukatia nguo, ule wenye ncha butu, unakata mkanda pia na hautoboi ngozi. Kati ya hivyo viwili, mkasi ndio tunaoutumainia zaidi.

Mifuko ya hewa ambayo haijafumka inaweza kufumka wakati unafanya kazi. Jipe umbali: sentimita 13 kutoka ya pembeni, 25 kutoka usukani, 50 kutoka ya abiria wa mbele. Zima swichi, toa funguo au upeleke funguo isiyochomekwa mbali na gari, vuta handbreki. Ukiifikia betri ya volti 12, waya hasi utoke kwanza. Nyaya za rangi ya chungwa (za umeme mkubwa) hazishikwi. Na kama hakuna moto, maji, gari jingine linalokuja wala mgonjwa aliyeacha kupumua, mwache alipo, mshike kichwa.

Mtungi wa kuzimia moto

Wa kilo 1 au wa kilo 2? Kilo 2, bila kusita. Kiwango cha EN 3 kinadai mtungi wa hadi kilo 3 utoe unga kwa angalau sekunde 6 tu, kwa hiyo tofauti si muda bali ni wingi wa unga unaofika kwenye moto katika sekunde hizo. Soma namba ubavuni: herufi A ni ya vitu vigumu, B ni ya vimiminika, na namba iliyo mbele ya B inafuata lita za kimiminika kwenye moto wa majaribio. Wa kilo 1 mara nyingi husoma 21B au 34B. Mitungi mizuri ya kilo 2 husoma 70B au 89B. Kuna mitungi ya kilo 2 yenye namba ya chini kwa sababu unga wake ni hafifu. Usilipie uzito, lipia namba.

Unga wa ABC ndio unaofaa gari. Gesi ya kaboni dayoksaidi hupeperushwa nje. Vile vikopo vyepesi vya kupuliza ni vya sufuria ya jikoni, tumevitoa.

Moto wa injini ndio wa kawaida na ndio unaopotezewa mtungi mzima. Mtu anainua boneti, hewa inaingia, moto unampiga usoni, naye anamwaga unga juu ya mwali badala ya chini yake. Badala yake, watoe watu, simama upande upepo unakotoka, vuta kamba ya boneti kutoka ndani kisha uiache kwenye lachi ya pili, imepanuka kiasi cha vidole. Ingiza mdomo wa mtungi kwenye upenyo huo na upulize nusu. Subiri. Unga hauondoi joto, na mpira uliokolea moto utawaka tena; nusu iliyobaki ni ya mara ya pili. Kamba ikiwa imeungua, pitia kwenye matundu ya mbele au nafasi ya juu ya gurudumu. Ukaribie kwa mshazari kutoka pembeni, si mbele kabisa wala nyuma kabisa, kwa sababu vifyonza mshtuko vya bampa na fimbo za gesi za boneti hupasuka na kuruka. Magurudumu nayo.

Moto ukishaingia ndani ya gari na hamna mtu, rudi nyuma na uache liungue. Akiwepo mtu, mtungi haukusudiwi kuzima tena. Ni wa kuusukuma moto mbali naye wakati mwingine anakata mkanda. Atakohoa unga. Avumilie.

Gari la umeme linalofuka moshi mweupe chini, likitoa mlio wa kuchemka au kupasuka, halina kazi na mtungi wako. Betri ya lithiamu inajipa joto yenyewe, huhitaji maji mengi mno, maelfu ya lita, na moshi wake una sumu ikiwemo hidrojeni floridi. Watu wasogezwe mbali, upepo uwe mgongoni.

Mtungi wa kilo 2 uliolala bila kufungwa unaruka ndani ya gari ajali ikitokea, basi ununuliwe pamoja na kishikizo cha chuma, si cha plastiki. Mtikisiko wa safari unaweza kushindilia unga chini hadi ukawa kama tofali: gesi inatoka, unga unabaki. Kila mwezi uutoe, uupindue kichwa chini, upige kitako kwa kiganja hadi usikie unga unateleza. Geji iwe kwenye kijani, na pini iwe na utepe wake. Mtungi uliopulizwa hata sekunde moja hauhesabiki tena. Unga hukaa kwenye vali na presha huvuja taratibu.

Maji, darubini, na vitu visivyopaswa kuwemo

Jeli za majeraha ya moto zinachukua nafasi kubwa kwenye mikoba ya kununua. Maji ya kawaida yanashinda: dakika 20 za maji yanayotiririka, hata kama zimepita saa mbili tangu aungue. Chupa ya lita 5 yenye tundu dogo kwenye kifuniko, ikimwaga robo lita kwa dakika, inatimiza dakika hizo ishirini sawasawa kwa kiganja au mkono mmoja. Baada ya hapo tandaza karatasi ya nailoni ya kufungia chakula juu ya jeraha, bila kuizungusha kwa kukaza. Eneo likiwa kubwa, mpoze jeraha lakini mkinge mwili wake usipate baridi.

Kifaa ambacho hakimo kwenye begi lolote la kununua, na kinapaswa kuwemo, ni darubini ndogo. Lori la mafuta likipinduka, bango la chungwa lina namba mbili: ya juu ni aina ya hatari, ya chini ni ya kitu chenyewe. 33 juu na 1203 chini ni petroli. Gesi ya kupikia husoma 1075 au 1965. Ukizisoma ukiwa mbali, unajua umbali wa kuwasukuma watu. Mwongozo wa ERG, wa ajali za mizigo hatari, unaotumika Amerika Kaskazini unataja kwa petroli mita 50 pande zote mara moja, mita 300 upande upepo unakokwenda ikimwagika nyingi, na mita 800 tangi likiwa ndani ya moto. Kwa gesi ya kupikia ni mita 100, 800, na 1600. Programu yake ya simu inafanya kazi bila mtandao, ipakue sasa. Hapo kazi kubwa ya mzimamoto asiye zamu ni kuwakatalia watu wenye ndoo, na hakuna kifaa cha kazi hiyo zaidi ya filimbi na sauti.

Suti ya kazini isipande gari la nyumbani. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani, na masizi yaliyomo kwenye suti hutoa mvuke ndani ya gari lililofungwa juani, kwenye kiti anapokaa mtoto. Hata kama ingekuwa safi, suti bila mtungi wa hewa inakushawishi uingie penye moshi.

Kwa sababu hiyo hiyo tumezikataa kofia za kichujio za EN 403, ingawa ni bidhaa nzuri kwa kazi yake. Zimeundwa kumtoa mtu nje kwa dakika 15. Zinachuja kaboni monoksidi. Haziongezi oksijeni pale isipokuwepo, na chumba kinachokaribia kuwaka chote kwa pamoja huwa na nyuzi 500 hadi 600 kwenye dari. Nyumba ikiungua na wewe huna hewa wala mwenzako, kazi ni ya nje: piga simu, hesabu watu waliotoka, uliza chumba cha aliyebaki na dirisha lake, zima gesi na umeme kama swichi iko nje, na funga kila mlango unaoweza kuufikia ukiwa nje ya moshi. Mlango uliofungwa humpa aliye ndani dakika ambazo wewe huwezi kumpa.

Wajibu huu una mpaka hata kwa sheria kali. Kifungu cha 223-6 cha sheria ya adhabu ya Ufaransa na cha 323c cha Ujerumani humwadhibu anayepita bila kusaidia, lakini vyote viwili vinasamehe pale msaada ungemhatarisha msaidizi mwenyewe. Uliyekunywa, au uliyetoka zamu ya saa 24 bila usingizi, piga simu na ushike tochi.

Tochi iwe ya kichwani, betri zake za lithiamu zisizochajiwa, ambazo ni nadra kuvuja na hutunza nguvu zikikaa muda mrefu. Ya kuchaji utaikuta imekufa. Weka kalamu mbili za wino mzito na kadi ngumu. Kikosi kikifika, mpe kamanda mambo manne: majeruhi wangapi na walipo, hatari uliyoiona, ulichofanya na saa ya turniketi, na kama kuna mtu hajahesabiwa. Kisha ondoka kwenye eneo lake au umuulize anataka ufanye nini.

Ukaguzi mkuu ni mara mbili kwa mwaka: glovu, tarehe za gozi, betri, lebo ya mtungi. Turniketi iliyotumika hairudi begini hata ikioshwa. Nguo ulizovaa kwenye moshi au damu ziingie kwenye mfuko wa nailoni kabla hujakaa kwenye kiti, kwa hiyo mifuko miwili mikubwa nayo iwemo, chini kabisa ya begi.